Bomba, Manifodi au Kigawahewa? Uhakiki wa Istilahi za Njia ya Hewa katika Injini

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kundi dogo la maneno ambayo pengine msomaji atayaona kuwa hayastahili kuchukua nafasi katika jarida la istilahi. Ni maneno yanayohusu kile kiungo cha injini kinachopokea hewa itokayo nje na kuipeleka katika kila silinda. Mafundi wetu hukiita manifodi. Mwenye kutafsiri hati au kitabu cha mafunzo huelekea kukiita bomba la kuingizia hewa. Na mpenda lugha anayeona vibaya kukopa aweza, kwa kufuata kanuni zetu za uundaji wa maneno, kutupatia kigawahewa. Hivyo tuna majina matatu kwa kitu kimoja. Swali letu si lipi kati ya hayo lasikika vizuri zaidi. Swali ni hili: fundi asiyemwona mwandishi wala kumsikia, akisoma neno hilo peke yake, je, atatengeneza kitu kilekile alichokusudia mwandishi?

Tumechagua mfano ambao utaonekana wa mbali, yaani kutengeneza kwa mkono manifodi ya gari la mashindano. Sababu ya kuuchagua ni nyepesi. Manifodi itokayo kiwandani huagizwa kwa namba yake. Muuzaji na mnunuzi waweza kukamilisha biashara bila kuwa na jina la kitu wanachouziana. Lakini manifodi ambayo haijapata kuwapo haina namba. Haina budi kuelezwa kwa maneno: umbo lake, vipimo vyake, sehemu zake na kazi ya kila sehemu. Hapo ndipo lugha inapopimwa. Na kazi ya namna hiyo haiko mbali nasi kama tunavyodhani, kwani fundi wa Dodoma anayefunga injini ya gari moja katika gari jingine, akakuta kwamba njia ya hewa haiingii mahali pake, hukabiliwa na jambo lilelile: hana budi kukata, kuunga na kutengeneza upya.

1. Mchezo na jina lake

Mashindano tunayoyazungumzia yana asili Marekani. Magari mawili husimama sambamba, hungoja taa, kisha hukimbia katika njia isiyo na kona. Masafa ya jadi ni robo maili, yaani mita 402 hivi. Chama kikubwa cha mchezo huo nchini humo, NHRA, kilianzishwa mwaka 1951. Na tangu mwaka 2008 madaraja yake yenye kasi kubwa kabisa hukimbia futi 1,000, yaani mita 305 hivi.

Kosa la kwanza la mtafsiri laweza kutokea hapa mlangoni. Jina la Kiingereza la mchezo huu lina neno ambalo kwa kawaida hutafsiriwa kwa kitenzi buruta. Akilifuata neno kwa neno, mtafsiri atatuandikia "mbio za kuburuta," na msomaji wa Kongwa au Manyoni atadhani kwamba gari moja linalivuta jingine, au kwamba magari yanavuta magogo. Hakuna kinachoburutwa. Wenye lugha yao wenyewe hawakubaliani kuhusu chanzo cha jina hilo, kwa hiyo hatuna sababu ya kulibeba fumbo lao na kulifanya letu. Mbio za njia nyoofu latosha. Linataja kile kinachoonekana kwa macho, na ndicho kinachoutofautisha mchezo huu na mbio nyingine za magari.

Vivyo hivyo katika hesabu ya mwendo wa injini. Neno la Kiingereza linalotumika kwa mzunguko mmoja wa mtaimbo wa injini ndilo litumikalo pia kwa kuangushwa kwa serikali. Kiswahili kimeyatenganisha mambo hayo tangu zamani: mapinduzi ni ya watu, mzunguko ni wa gurudumu. Mtafsiri anayeandika kwamba injini hufanya "mapinduzi 6,000 kwa dakika" anaharibu tofauti nzuri ambayo lugha yake imempa bure.

2. Kazi ya kitu ndiyo maana yake

Kabla ya kuyapima majina, yafaa tueleze kitu chenyewe kinafanya nini. Injini ya mipigo minne huvuta, hugandamiza, hulipua na hutoa. Katika mpigo wa kuvuta pistoni hushuka, valvu ya kuingizia hufunguka, na hewa huingia. Injini ikiwa na silinda nne, silinda hizo hazivuti kwa wakati mmoja, bali kwa zamu. Hewa huingia kwa mlango mmoja, lakini lazima ifike mahali pane. Tena ifike kwa usawa.

Usawa huo ndio roho ya jambo. Petroli huhitaji, kwa hesabu ya kemia, gramu 14.7 hivi za hewa kwa kila gramu moja ili iungue yote. Injini za mashindano hupewa petroli zaidi ya hapo ili zipate nguvu na zisichemke kupita kiasi. Tuseme gramu 12.5 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Sasa tuseme kwamba nozeli zinatoa petroli sawasawa kwa silinda zote, lakini kwa ubaya wa umbo la manifodi silinda moja inapata hewa zaidi kwa sehemu moja ya tano. Silinda hiyo haiko tena kwenye 12.5, bali kwenye 15. Joto lake litapanda, mlipuko utaanza kugonga, na pistoni, ambayo ni ya alumini, yaweza kutoboka katika muda mfupi kuliko tunaotumia kuisoma aya hii. Silinda tatu nyingine zitakuwa salama salimini. Fundi atakayefungua injini hiyo ataiona pistoni moja iliyotoboka, na huenda akalaumu pistoni.

Kwa hiyo, kitu hiki si njia ya hewa tu. Ni kitu cha kugawa. Jina au fasili yoyote inayoficha mgawo huo imeficha kile ambacho fundi anapaswa kukijua kuliko vyote.

3. Majina matatu katika mizani

Tuanze na bomba la kuingizia hewa. Wanaolipendelea husema ni Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu. Hilo ndilo tatizo lake. Bomba kwa kila mtu ni kitu chenye mdomo mmoja huku na mdomo mmoja kule. Kinachoingia upande huu hutoka upande ule. Tena katika gari kuna bomba jingine linalostahili jina hilo bila ubishi, nalo ni lile la mpira litokalo kwenye chujio la hewa. Tuchukue mfano wa ofisa anayeandaa hati ya matengenezo ya gari la umma. Akiandika kwamba "bomba la kuingizia hewa libadilishwe," mzabuni aweza kuleta bomba la mpira, akadai malipo yake, na kwa mujibu wa maandishi akawa na haki. Gari litabaki limesimama. Fedha zimetoka, na hakuna aliyevunja mkataba ila neno.

Manifodi lina sifa ambayo hakuna kamati iwezayo kuitoa: watu wanalisema. Hapa uwanda wa kati una historia yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko Kongwa mpango mkubwa wa kulima karanga, ukaletewa matrekta mengi, mengi yake yakiwa masalio ya vita. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, na mashine ziliharibika upesi kuliko zilivyoweza kutengenezwa. Mpango uliachwa mwaka 1951. Karanga hazikupatikana kama ilivyotazamiwa, lakini vijana wa Tanganyika waliajiriwa kuziendesha mashine hizo na kuzitengeneza. Katika karakana za namna ile, kama katika zile za reli iliyofika Dodoma mwaka 1910, majina ya vyuma hupita kutoka kinywa hadi kinywa bila kungoja kusanifiwa. Ndivyo lugha yetu ilivyojaa pistoni, kabureta, gasketi, spana na klachi. Hakuna leo anayeona haya kuyasema.

Hata hivyo manifodi lina upungufu. Neno la Kiingereza lililolizaa lina maana ya kitu chenye mikunjo au namna nyingi. Limeitazama sura, halikuitazama kazi. Ndiyo sababu huitwa hivyo kiungo kinachogawa hewa na pia kiungo cha upande wa pili kinachokusanya moshi kutoka katika silinda na kuupeleka kwenye ekzosi. Kazi zao ni kinyume: kimoja hutawanya, kingine hukusanya. Anayeandika manifodi tu hajasema ni kipi.

Kigawahewa, kwa upande wake, limeundwa vizuri. Linafuata njia iliyotupatia kipimajoto na kipazasauti, na linataja mgawo waziwazi. Lakini lina kasoro mbili. Kwanza, katika injini yenye kabureta kinachogawanywa si hewa pekee, bali mchanganyiko wa hewa na petroli. Jina linakuwa kweli kwa injini ya dizeli na nusu ya kweli kwa nyingine. Pili, hakuna fundi anayelisema. Tusilidharau jambo hili. Wasomaji wanakumbuka kwamba kwa mashine moja inayojulikana sana leo tulipewa ngamizi, majirani zetu wa Kenya wakapewa tarakilishi, na wananchi wa pande zote mbili wakaendelea kusema kompyuta. Neno jipya hushinda pale linapoukuta mdomo mtupu. Likikuta mdomo umekwisha kujaa, ni nadra kushinda, hata likiwa bora.

Uamuzi wetu ni huu. Manifodi libaki, liingie katika ngeli lilimokwisha kuingia lenyewe, yaani manifodi hii na manifodi hizi. Lakini lisiandikwe kamwe peke yake katika hati ya kazi. Tuseme manifodi ya hewa na manifodi ya moshi. Na katika fasili yake tusiseme kuwa ni bomba, bali tuseme ni kiungo kinachogawa hewa, au mchanganyiko wa hewa na petroli, sawasawa kwa kila silinda. Hivyo mkopo utabeba jina, nasi tutabeba maana.

4. Viungo vya kiungo

Kosa kubwa zaidi katika orodha za istilahi si kuchagua jina baya, bali kuchagua jina moja na kuliacha bila ndugu. Kitu kilichotengenezwa kina sehemu, na asiyekuwa na majina ya sehemu hawezi kuagiza wala kufundisha. Hapa ndipo Kiswahili, kinyume na wengi wanavyodhani, kina mali ya kutosha.

Sehemu pana ambamo hewa hutulia kabla ya kugawanywa tunapendekeza iitwe hodhi ya hewa. Hodhi huhifadhi maji ili kila achotaye ayakute. Na hodhi ya hewa hufanya kazi ileile, kila silinda ichotapo kwa zamu yake. Njia zitokazo kwenye hodhi kwenda kwenye kila silinda ni mirija. Mahali mrija unapofunguka ndani ya hodhi pasiwe na ukingo mkali, kwa kuwa hewa haipendi kupinda ghafla; hupanuliwa na kuviringwa kama mdomo wa zumari, na jina hilo halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kuona zumari. Kile kisahani kinachofunguka dereva akanyagapo mafuta ni kilango cha hewa. Bamba lenye matundu linalobanwa kwa bolti kwenye kichwa cha silinda ni flenji. Mkopo huu umekwisha kuzoeleka, nasi hatuna ugomvi nao.

Lakini jina bila fasili ni nusu ya kazi. Tuchukue istilahi inayoonekana kuwa rahisi kuliko zote: urefu wa mrija. Valvu ya kuingizia ifungukapo na pistoni ivutapo, msukosuko huanza katika hewa na kusafiri kama wimbi hadi mdomo wa zumari, kisha hurudi. Likirudi kwa wakati ufaao, kabla valvu haijafunga, husukumiza hewa zaidi ndani ya silinda. Wimbi hilo huenda kwa mwendo wa sauti, ambao katika hewa yenye joto la nyuzi 30 ni karibu mita 349 kwa sekunde. Mrija ukiwa na sentimita 30, kwenda na kurudi ni sentimita 60, na safari hiyo huchukua kama sehemu 17 katika 10,000 za sekunde. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, katika muda huo mtaimbo wake utakuwa umegeuka digrii 62 hivi. Ikizunguka mara 3,000, digrii 31 tu. Ndiyo maana mrija mrefu hufaa mwendo wa chini na mfupi hufaa mwendo wa juu. Watu wa Dodoma hawahitaji kufunzwa kanuni hii kwa taabu, kwani wanaijua katika ilimba ya Wagogo: ulimi mrefu wa chuma hutoa sauti nzito, mfupi hutoa sauti nyembamba.

Sasa, urefu huo unapimwa kutoka wapi hadi wapi? Wimbi halianzi kwenye flenji. Linaanza kwenye valvu. Njia iliyochimbwa ndani ya kichwa cha silinda ni sehemu ya urefu huo, ingawa si sehemu ya manifodi. Fundi akiambiwa "urefu wa bomba uwe sentimita 30," atapima kipande alicho nacho mkononi, kisha akifunge kwenye kichwa chenye njia ya sentimita 10, apate 40 bila kujua. Amefuata maandishi kwa uaminifu, na injini itatoa nguvu yake kubwa mahali pasipotakiwa. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi mbili: urefu wa mrija, kwa kipande chenyewe kinachotengenezwa, na urefu kamili wa njia, kuanzia valvu hadi mdomo wa zumari.

Historia inatupa ushahidi kwamba tofauti hii si ya vitabuni tu. Kikundi cha wahandisi wa Chrysler mjini Detroit, kilichojiita Ramchargers, kiliingiza katika mbio za njia nyoofu za mwaka 1959 gari kuukuu la Plymouth la mwaka 1949, ambalo manifodi yake walijitengenezea wenyewe, hodhi ikiwa imeinuliwa juu sana ya injini ili mirija ipate urefu. Mwaka 1960 kampuni hiyo iliuza gari la Chrysler 300F lenye mirija ya inchi 30, yaani milimita 762. Ikatolewa pia namna ya pili kwa ajili ya mwendo wa juu zaidi, ambayo kwa nje ilikuwa na sura ileile, lakini ndani ukuta kati ya mirija uliondolewa, hata urefu unaofanya kazi ukawa inchi 15 tu. Aliyetazama kwa nje aliona urefu mmoja. Hewa ilikuta mwingine.

5. Kiasi cha hewa katika uwanda wa juu

Kuna neno jingine linalopita katika tafsiri bila kuulizwa pasi yake, nalo ni kiasi. "Kiasi cha hewa kinachoingia katika silinda" ni maneno yanayosomeka vizuri, na mwandishi akiwa Dar es Salaam hatapata sababu ya kuyatilia shaka. Lakini yapelekwe Dodoma. Mji huo uko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya angahewa, ambayo pwani ni kilopaskali 101 hivi, hapo hushuka hadi karibu 89. Silinda ya lita moja itavuta lita moja ya hewa pwani, na itavuta lita moja ya hewa Dodoma, ujazo haukubadilika. Lakini joto likiwa sawa, tungamo ya hewa hiyo imepungua kwa asilimia 12 hivi, na petroli huungua kwa kufuata tungamo, si ujazo.

Je, "kiasi" ni ujazo au ni tungamo? Neno halisemi. Mwalimu akiuliza katika mtihani kama kiasi cha hewa kinapungua injini inapopanda kutoka pwani hadi uwanda wa kati, mwanafunzi anayejibu ndiyo na anayejibu hapana wote wawili waweza kuwa sahihi, na mmoja wao atanyimwa alama. Kosa si la mwanafunzi. Istilahi za ujazo, tungamo na kanieneo zimekwisha kusanifiwa, watoto wetu wanaokutana na sayansi kwa Kiswahili wanazijua, na hatuna udhuru wa kurudi kwenye neno la sokoni tunapoandika mambo ya karakana. Kiasi libaki kwa mchele na sukari.

Yafaa pia kuongeza kwamba mwendo wa sauti hutegemea joto la hewa, wala haupunguzwi na kupungua kwa kanieneo. Hivyo hesabu ya urefu wa njia iliyofanywa kwa ajili ya pwani haiharibiki ikipandishwa Dodoma katika joto lilelile, ingawa hesabu ya petroli itaharibika. Mtafsiri asiyeyatenganisha mambo hayo kwa maneno hataweza kumweleza fundi kwa nini abadilishe moja na kuacha jingine.

6. Jaribio

Istilahi zote tulizozipendekeza hazina thamani ikiwa haziwezi kufanya kazi pamoja. Tumejaribu kuandika maelekezo mafupi ya kutengeneza manifodi ya hewa ya injini ya silinda nne, na tunayaweka hapa ili wasomaji wayapime:

"Chora kwenye karatasi ngumu matundu ya kuingizia ya kichwa cha silinda, pamoja na matundu ya bolti. Hamishia mchoro kwenye bamba la alumini lenye unene wa milimita 10 hadi 12. Toboa kwa keekee, kata kwa msumeno, kisha maliza kwa tupa hadi tundu la flenji lilingane na tundu la kichwa, pasiwe na ukingo unaoikabili hewa. Kata mirija minne yenye urefu mmoja. Funga flenji kwa bolti kwenye kichwa chakavu kabla ya kuchomelea, ili joto lisiipinde. Safisha alumini kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu. Chomelea kidogo kidogo, ukihama kutoka mrija mmoja hadi mwingine, joto lisikusanyike mahali pamoja. Ujazo wa hodhi ukaribie ujazo wa silinda zote kwa jumla, kisha urekebishwe kwa majaribio. Midomo ya zumari iwe ndani ya hodhi, mbali na ukuta. Kazi ikipoa, laza flenji juu ya kioo kinene uone kama imelala sawa. Mwisho ziba matundu yote, ingiza hewa kidogo, pakaza maji ya sabuni. Povu likitokea, pana uvujaji."

Msomaji ataona kwamba maneno ya mkopo ni machache, na kwamba kazi kubwa imefanywa na tupa, keekee, mrija, hodhi na zumari, maneno ambayo hakuna aliyeyaunda kwa ajili ya injini. Sasa na abadilishe neno moja tu: mahali pa chomelea aweke lehemu, kama wengi wanavyofanya kana kwamba ni visawe. Kulehemu ni kuunga kwa madini laini yanayoyeyuka huku vyuma viungwavyo vikibaki vigumu. Mchanganyiko wa bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Kuchomelea ni kuyeyusha kingo za vyuma vyenyewe hadi viwe kitu kimoja. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ngozi ya oksidi inayoifunika huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, na ndiyo sababu ya kuisafisha kwanza. Manifodi iliyolehemiwa itaachia kwa joto na mtetemo, na kipande kitakachoanguka hakitaanguka chini. Kitavutwa ndani ya silinda. Kamusi zetu zinaitambua lehemu kwa maana yake halisi. Ni sisi waandishi tunaoitumia ovyo.

7. Mapendekezo

Kwa watafsiri tunasema: kabla ya kuuliza neno fulani kwa Kiswahili ni lipi, ulizeni kitu hicho kinafanya nini na kimegawanyika katika sehemu zipi. Kwa walimu: msimnyime alama mwanafunzi aliyeandika manifodi kwa kuwa kitabu chenu kimeandika bomba, mpimeni kwa fasili aliyoitoa. Kwa watumishi wa serikali wanaoandaa hati za matengenezo na zabuni: andikeni manifodi ya hewa au manifodi ya moshi, na mahali penye vipimo semeni kipimo kinaanzia wapi na kuishia wapi.

Kwa kamati zinazosanifisha istilahi tuna ombi moja. Kila istilahi ya ufundi iingizwe ikiwa na fasili, mchoro na majina ya sehemu zake. Na katika kikao kinachoipitisha awepo angalau mtu mmoja ambaye mikono yake imewahi kukishika kitu kinachozungumzwa. Lugha yetu haikuona aibu kuchukua ikulu kutoka Unyamwezi na ngeli kutoka Buhaya. Haina sababu ya kuona aibu kuchukua neno kutoka karakana.

Tumependekeza hodhi ya hewa tukijua kwamba wapo watakaopendelea chumba cha hewa, na kwamba katika karakana za Singida, Kondoa au Manyoni huenda kuna jina lililo bora kuliko yote mawili. Wasomaji walio karibu na mafundi hao wanaombwa waulize, waliandike kama linavyotamkwa, pamoja na maelezo ya kitu kinachoitwa hivyo, na kuliwasilisha kwa Baraza.